Krimu isiyo na jina na sharubati ya kinga

SWALI: Sista, mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Vipele vya kuwasha vilianzia mashavuni, sasa viko kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Niliambiwa kinga yake iko chini. Virusi vya ukimwi amepimwa, hana. Kuna mama hapa anauza krimu ya miti shamba pamoja na sharubati ya kuongeza kinga. Krimu ilimponya kwa siku tatu, lakini nikiacha wiki moja vinarudi na nguvu zaidi, kwa hiyo nampaka mwili mzima asubuhi na jioni, na huu ni mwezi wa tano tangu nianze. Nimwongezee sharubati gani? Na chanjo ya surua ya miezi 18, ningoje kinga ipande kwanza?
Mama wa mtoto, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama, usisubiri kinga ipande ndipo apewe chanjo. Vipele unavyoeleza vinaelekea kuwa ukurutu, nao haumzuii mtoto kuchanjwa surua na rubela. Ila mwambie nesi kuhusu hiyo krimu kabla hajachoma sindano, na sababu utaiona hapa chini. Sharubati sitakutajia hata moja.

Hili neno "kinga iko chini" limenichosha. Kila mtoto mwenye ngozi kavu inayowasha analetwa kliniki akiwa tayari amebandikwa hilo. Nani aliipima? Kwenye ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengine wanavyouita, kinga ya ngozi haijalala, imezidi wasiwasi. Ngozi ya mtoto wa namna hii ni kama ukuta wa udongo ambao haujakandikwa upya: una nyufa, maji yanatoka, jasho na vumbi na sabuni vinaingia. Kinga nayo inapiga kelele kwa kila kinachopita, kama askari wa usiku anayempulizia filimbi hata mwenye nyumba. Askari huyo ndiye unataka kumwongezea nguvu?

Halafu tazama ulichouziwa ndani ya mfuko mmoja: sharubati ya kupandisha kinga, na krimu ambayo, kwa maelezo yako mwenyewe, inaelekea kuishusha. Nikisikia krimu imefuta vipele vya miezi kwa siku tatu, na ikiachwa vinarudi kwa hasira, ninachoshuku ni steroidi kali, pengine klobetasoli, iliyochanganywa na mafuta yenye harufu ya majani. Steroidi hutuliza ngozi kwa kuinyamazisha kinga pale ilipopakwa. Kikopo chako sijakiona, lakini mti unaofanya kazi kwa kasi hiyo bado sijauona pia.

Msije mkasema Sista amekataza steroidi. Sisi wenyewe tunazitoa. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dawa dhaifu, inapakwa usoni kwa siku chache chini ya uangalizi na mtoto analala usiku wake. Tena kipimo kinajulikana: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi mkunjo wa kwanza ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja vyako viwili. Klobetasoli iko kwenye daraja la juu kabisa la nguvu, na mtoto wa umri wa wako hapakwi hiyo kwa kukisia. Kwenye kikopo kisicho na lebo hujui ni ipi, hujui ni kiasi gani, hujui imechanganywa na nini.

Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na ni nyembamba. Anachopakwa kinaingia kwenye damu, chini ya nepi zaidi, kwa hiyo nesi anayechanja lazima ajue. Kikiingia kila siku kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza steroidi ya mwili, kwa sababu inaletwa kutoka nje. Ndiyo maana sikwambii ukitupe kikopo leo. Ukikata ghafla, mtoto aliyezoea anaweza kulegea, kutapika, sukari ya damu ikashuka, hasa akipata homa. Kesho nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na hicho kikopo, hata kama kimebaki ukoko, uombe rufaa ya kwenda Jaramogi, hospitali kuu ya rufaa hapa Kisumu, "Russia" yetu. Wao ndio watakaopanga namna ya kumwachisha. Akianza kulegea au kutapika kabla hujafika, hiyo ni dharura.

Nakumbuka mtoto mmoja aliyekuja na mashavu ya duara, mama yake anasifiwa kijiji kizima kwamba mwanawe amenona. Nikafungua kijitabu cha kliniki. Nukta za uzito zilikuwa zinapanda vizuri. Za urefu zilikuwa zimelala, miezi minne hajaongeza kitu. Nikaomba nione anachopakwa, akatoa kikopo cha aiskrimu kutoka kwenye mkoba, krimu ya rangi ya maziwa, inanukia limau.

Kazi ya kila siku ya ukurutu haina mvuto, labda ndiyo maana haina wauzaji wengi. Ni mafuta. Vaseline ya kawaida isiyo na manukato inatosha. Muogeshe kwenye karai kwa dakika tano hadi kumi, maji ya vuguvugu, bila sabuni ya kufulia na bila dawa ya kuulia viini. Mkaushe kwa kugusagusa, umpake akiwa bado na unyevunyevu. Paka mengi, na urudie mchana. Gramu 250 kwa wiki si ufujaji kwa mtoto mwenye ukurutu mwili mzima. Kucha zikatwe. Nguo ziwe za pamba, maana joto letu la ziwa na fulana ya nailoni ni adui wawili. Omena na mayai usimnyime kwa maneno ya jirani, isipokuwa umeona anavimba au anatapika punde tu baada ya kula. Na usingoje ngozi iwe nyekundu kama picha za vitabu vya Ulaya. Kwa watoto wetu inakuwa ya kijivu au nyeusi zaidi, yenye chembechembe, na ikipoa inaacha mabaka yanayochukua miezi kufutika.

Wengine mnaosoma, krimu hizi hazidanganyi kwenye ukurutu peke yake. Mtoto mwenye mashilingi akipakwa steroidi, muwasho unatulia huku fangasi inatambaa, na ile duara yake inapotea hata sisi tunakosa kuitambua. Mwenye upele naye anatulia kidogo, wadudu wanaendelea kuhamia kwa ndugu zake kitandani. Mara moja nilimuuliza mwuzaji sokoni kuna nini ndani. "Miti saba." Ipi? Akacheka, akaniambia huletewa kwa ndoo na mtu wa basi, yeye anapakua tu.

Wapo watoto ambao kinga yao ni pungufu kweli. Hao wanapata nimonia mara mbili au zaidi kwa mwaka, majipu ya ndani yanayorudi, utando mweupe mdomoni usioisha baada ya mwaka wa kwanza, uzito usiopanda. Mvulana mwenye ukurutu anayetoka damu ovyo, au mwenye vidoa vya zambarau chini ya ngozi, anahitaji kuhesabiwa chembe za damu haraka. Wote hao wanatafutiwa jibu maabara. Wakipewa sharubati, wanapotezewa miezi.

Na mtoto yeyote wa ukurutu ambaye ghafla ametoka vidonda vidogo vya duara, vinavyolingana ukubwa, kama vimetobolewa kwa ncha ya kalamu, vinauma na ana homa: hivyo ni virusi vya malengelenge vimeingia kwenye ngozi iliyopasuka. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na asipakwe krimu yoyote njiani.