Bunduki ya hewa: nijaze bar (kipimo cha presha) ngapi, na oksijeni ya sudere (fundi wa kuchomelea vyuma) inafaa?

SWALI: Jambo yaya. Miye niko Lubumbashi, mu Kampemba. Nilinunua bunduki ya hewa ya okazio (iliyokwisha tumiwa), ile ya kujaza hewa mbele ya kupiga, pamoja na pompi yake ya mukono. Kwa tubu yake ya hewa imeandikwa 200 bar. Jana magaribi nilipompa mpaka 200, jasho ikanitoka, leo asubui nakuta 185. Tena risasi za kwanza zinapiga chini ya pale nalenga, kisha zinapanda, kisha zinatulia, nikajiuliza labda niende mpaka 220 ili ipate nguvu. Jirani yangu sudere ananiambia niache kuteseka, yeye atanijazia na chupa yake ya oksijeni dakika 2 tu. Unasemaje? Napigia shabaha za karatasi na panya mu depo ya mahindi.

JIBU: Mudogo, tuanze na huyo jirani juu hapo ndo kifo kipo. Mwambie aksanti, hapana. Chupa yake ikijaa iko na bar 150 mpaka 200 kweli, kwa hiyo hesabu yake inaonekana nzuri, lakini oksijeni tupu kwa presha ile ikikuta grisi kidogo, raba, ama vumbi la aluminiamu ndani ya tubu, inawaka yenyewe, haiombi kiberiti, moto wa kule kugandamizwa haraka unatosha. Na tubu ikipasuka iko wapi? Iko karibu na shavu lako. Muulize yeye mwenyewe kama anaruhusu mtu mwenye mikono ya mafuta kugusa valvu ya ile chupa yake, utaona uso atakaokuonyesha. Hewa ya kawaida tunayopumua iko na oksijeni 21% tu, hiyo ndo bunduki yako inataka, tena ikiwa kavu. Kwa sababu hiyo hiyo usitie mafuta ya injini wala grisi ya gari kwenye pompi ama mdomo wa kujazia hata kama inalia kwikwi, tia grisi ya silikoni kidogo tu, basi. Na kompresa ya kwado (fundi wa matairi) pale barabarani usihangaike nayo, ile ya matairi inafika bar 8 ama 10 inachoka, haitafungua hata valvu yako.

Sasa ile 185 ya asubuhi. Ukipompa haraka hewa inapata moto, na hewa ya moto inasukuma zaidi, kwa hiyo ile 200 uliyoona jana ilikuwa 200 ya moto. Hewa ikiwa na joto la 45 ndani ya tubu halafu ikapoa mpaka 20, ile 200 inakuwa kama 184, ona vile inakaribia namba yako. Hakuna aliyekuibia. Ila usiniamini bure: pompa tena, acha saa 2 ipoe, andika namba, acha usiku mzima, angalia tena saa ile ile ya siku. Ikikaa palepale bunduki iko sawa, ikiendelea kushuka kila siku basi inavuja, paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa kujazia na pale manometa (saa ya presha) imefungwa, povu likitoka ndo pale oringi (raba ya duara ya kuzuia hewa) imekufa. Na mwezi wa 7 baridi yetu ya asubuhi usiiweke kwenye hesabu ya uvujaji, digrii 15 za tofauti kati ya mchana na alfajiri zinakula bar 10 peke yake.

Tuje kwenye 220, juu hapa watu wengi wanapotea, wanafikiri hewa nyingi ndo nguvu nyingi. Ndani ya bunduki yako kuna nyundo ndogo yenye springi inayogonga valvu, na presha ya ndani ndo inaifunga hiyo valvu. Ni kama kusukuma mlango wakati upepo unausukuma kutoka upande wa pili, upepo ukizidi mlango unafunguka kidogo tu na kujifunga palepale. Kwa hiyo presha ikizidi, nyundo inagonga lakini hewa inayotoka ni kidogo, risasi inaenda pole, inapiga chini. Ukiendelea kupiga, presha inashuka, valvu inafunguka vizuri, risasi zinapanda, zinatulia, halafu hewa ikiisha zinaanza kuanguka tena. Si ndo kile ulichoniandikia? Bunduki yako haina regulata, kile kifaa cha kusawazisha presha ya kila risasi (ama iko nacho lakini kimeharibika), na 200 kwake tayari ni nyingi. Ukienda 220 risasi za kwanza zitakuwa chini zaidi, tena utakuwa umepita ile namba ya kwenye tubu, na namba ile haipitwi hata bar 5, hasa kwa chombo cha okazio usichojua kimeanguka wapi na kutu ya ndani imekula kiasi gani.

Presha yako utaipata hivi. Jaza mpaka 200, acha ipoe, ongeza kidogo kama imeshuka. Weka karatasi mita 25, bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili mkono wako usidanganye, lenga palepale kila mara, na kila risasi 5 badilisha karatasi na uandike juu yake manometa inasema ngapi. Ukimaliza panga karatasi sakafuni. Utaona mahali zinaacha kupanda na mahali zinaanza kuanguka. Tuseme zimetulia kutoka 180 mpaka 130, basi kwako kujaza ni 180, ukifika 130 unapompa tena, ile ya juu ya 180 ilikuwa jasho la bure. Mwenye kronografu (mashine ya kupima kasi ya risasi) atapata jibu hilo hilo kwa kasi ya risasi, lakini karatasi hazikopeshwi kwa mtu. Angalia pia manometa yako inahesabu nini: ikisema 3000 hiyo ni psi, sawa na bar 207, na ikisema 20 huenda ni MPa, sawa na bar 200. Tena zile manometa ndogo za kwenye bunduki zinadanganya sana, linganisha na ile ya pompi, na ukikuta hazipatani fuata ile inayosema presha kubwa.

Kuhusu jasho, pole, sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi, kazi ambayo mtu wa Dar es Salaam anaifanya kwa mapigo 87 wewe unapiga kama 100. Usiharakishe. Piga 50, pumzika, fungua skrubu ya kutoa hewa ya hozi, utaona unyevu unatoka, hasa mvua zikianza mwezi wa 11, juu hewa ikigandamizwa maji yake yanajikusanya na yakiingia kwenye tubu ya chuma ni kutu. Gusa pompi chini, kama inachoma mkono iache ipoe dakika 10, ukilazimisha utapika oringi zake.

Ukipata mtu wa uokoaji wa mgodini mwenye chupa ya kupumulia iliyojaa hewa, ile ya lita 6.8 kwa bar 300, umeokoka. Tubu ya bunduki kama ni sentilita 20, kutoka 130 mpaka 180 inakula lita 10 za hewa, chupa inashuka hata bar 2 haifiki. Lakini angalia tarehe ya majaribio iliyogongwa kwenye chupa, na fungua valvu pole sana, nusu ya nusu, sindano ipande taratibu, ikifika kwenye namba yako funga, toa hewa ya hozi kwanza ndo uchomoe. Anayechomoa hozi yenye bar 180 anajitafutia kofi.

Jambo la mwisho, usiimalize hewa yote, acha hata bar 100 ndani ukiiweka, presha ndo inashika valvu. Ikiisha kabisa utapompa na hewa itatoka kwenye mdomo wa mtutu, utafikiri imekufa. Hapo hakikisha hakuna risasi ndani, elekeza mtutu mahali salama, vuta nyundo nyuma mpaka ishike, weka sefti, ndo uanze kupompa, na mapigo ya kwanza yawe ya nguvu.