Kuacha nyama Singida, na kikundi cha kutetea wanyama kinachochekwa

Dada mleta mada, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: ule nini sasa hivi miezi minne tangu uache nyama, umjibu nini mama anayesema utaishiwa damu, na kwa nini kikundi chenu cha kutetea wanyama hapo mtaani Singida kinachekwa. Naanza na lugha, maana nusu ya tabu yako iko hapo.

Kwa Kiswahili cha bara, mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Mtu anauliza "leo mboga nini?", anajibiwa "nyama". Kwa hiyo ukimwambia shangazi "mimi nakula mboga tu", hujamwambia kitu. Kenya afadhali kidogo, kwao mboga ni majani. Nyama nayo ina mipaka yake: kwa wengi ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuku ni kuku, samaki ni samaki, na dagaa hata kwenye hesabu hawamo. Ndiyo maana ukisema "sili nyama" unaletewa kuku, tena kwa heshima kubwa. "Sili kilichochinjwa" nayo inaacha mlango wazi, kwa sababu samaki hachinjwi. Taja kimoja kimoja: "Situmii nyama, kuku, samaki wala dagaa, hata mchuzi wake."

Huko kwenye mchuzi ndiko wengi wanakonaswa. Pilau ya shughuli hupikwa kwa supu, kisha nyama inapakuliwa pembeni. Mchicha wa mama lishe unaweza kuwa na dagaa waliosagwa. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoa kuku dakika tano zilizopita, na vile vipande vya kuungia mchuzi vingi vina mafuta ya kuku au ya ng'ombe. Ukiuliza "kuna nyama?" utaambiwa hapana, na hujadanganywa. Uliza "mmeungia nini?" Kwenye harusi, ongea na mpishi mkuu siku moja kabla, siyo na mgawaji wakati foleni imefika kwako. Ukweni, omba uingie jikoni upike sufuria moja yako ya maharage kwa ajili ya wote. Mkamwana anayepika hasemwi kama mkamwana anayekataa sahani.

Sasa chakula. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 48 kwa siku. Maharage makavu gramu 100, ambayo ni kama nusu kikombe, yanakupa gramu 21 hivi. Karanga gramu 50 zinakupa 12 au 13. Unga wa dona au mtama gramu 250 unaongeza kama 20. Umeshavuka, na hujagusa maziwa wala yai. Jambo la kujua ni kwamba mahindi, mtama na uwele vina upungufu wa lisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, na jamii ya mikunde inayo tele. Ndiyo maana makande yana protini kamili na ugali kwa mchicha mtupu hauna. Kosa kubwa la wanaoacha nyama kwetu ni kuitoa nyama sahanini bila kuweka kitu mahali pake. Wiki mbili za ugali na majani, mtu analegea, halafu lawama zinaenda kwa kuacha nyama.

Maharage loweka saa 8 hadi 12, mwaga yale maji, weka mapya, chemsha kwa moto mkali angalau dakika 10 ndipo upunguze. Hizo dakika 10 usizibane, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa nguvu, na yakiiva nusu yanatapisha familia nzima. Wanaotumia kikapu cha kutunza joto ili kuokoa mkaa wachemshe kwanza, ndipo wafunike. Nyanya na ndimu zisubiri maharage yalainike, kwa sababu uchachu unayakaza. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1, na kwa mtu anayetegemea maharage kila siku hiyo ni hasara ya kweli. Kwenye mlenda najua hamtaniachia magadi, basi yawe kidogo.

Nazi kwenu ni bei, karanga ndiyo nazi yenu. Kwa watu watano chukua kunde nusu kilo na karanga robo kilo. Kunde ziive kabisa kwanza. Karanga kaanga kidogo tu zitoe harufu, twanga, koroga na vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu mpaka uji usiwe na madonge, ndipo umimine. Moto mdogo, dakika 10 hadi 15, mwiko usitoke sufuriani, kwa sababu karanga inashika chini huku juu ikifurika kwa wakati mmoja. Chumvi ya madini joto mwishoni. Hiyo ya madini joto usiidharau, kwa sababu asiyekula samaki hana chanzo kingine cha kutegemea.

Tahadhari moja ya karanga. Chagua kabla ya kutwanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu, tupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Karanga za unga wa sokoni usinunue, kwani huwezi kuona kilichosagwa humo. Kisamvu nacho kina sumu yake. Kitwangwe vizuri, kichemke bila mfuniko nusu saa ya kwanza ili sumu itoke na mvuke, halafu ndipo karanga.

Tuje kwa mama na damu. Mama ana hoja, usimbishie kijeuri. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani yanaingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Dawa yake ni rahisi: kamulia ndimu sahanini, au kula chungwa, pera au embe pamoja na chakula, na chai isogezwe saa moja mbele. Kikombe cha chai ya rangi juu ya maharage kinazuia sehemu kubwa ya chuma uliyoila. Mpangilio wa chai tu unaweza kuchangia upungufu wa damu. Kwa mifupa, sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, kwa sababu kalisi (madini ya kujenga mifupa) ya mchicha imefungwa na asidi yake na mwili unapata kidogo tu.

Ila liko jambo moja ambalo hakuna jani litakalokusaidia: vitamini B12. Haimo kwenye mimea. Unahitaji kidogo sana, maikrogramu 2.4 kwa siku, na ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo hutasikia kitu mwaka huu, pengine hata mwaka kesho. Ikiisha, inaanza ganzi miguuni, ulimi unauma, unasahausahau, damu inapungua. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu hairudi yote. Kama unatumia maziwa na mayai, vikombe viwili vya maziwa na yai moja vinakufikisha kwenye kiwango. Nazungumzia vikombe vya maziwa au mtindi, siyo ile chai yenye kivuli cha maziwa. Kama umeacha vyote, meza kidonge: maikrogramu 1000 mara mbili kwa wiki inatosha.

Duka la dawa watakupa haraka vile vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Soma boksi. Vingi vina B6 miligramu 100 au 200, na B6 kwa kipimo hicho kila siku kwa miezi huleta ganzi ile ile unayoikimbia. Tafuta B12 peke yake. Ukiwa mjamzito, FEFO za kliniki (vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki) meza kama kawaida na mwambie muuguzi kwamba hutumii vya wanyama, kwa sababu asidi foliki inaweza kurekebisha picha ya damu na kuuficha upungufu wa B12 huku mishipa ikiendelea kuumia. Mwenye kisukari anayetumia metformini naye asisubiri dalili, hiyo dawa inapunguza B12 hata kwa mla nyama.

Kuhusu "huo ni uzungu": Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ndefu, bila nyama, maziwa wala mayai, na ndipo jiko lao likajaza shiro (mchuzi mzito wa unga wa mikunde) na dengu za kila namna. Wasabato wamejaa Mara na Kisii, na kanisa lao limehimiza ulaji wa mimea tangu karne ya 19. Wahindu na Wajaini wako Dar na Mombasa vizazi na vizazi. Marasta vivyo hivyo. Mababu wa Singida wenyewe siku nyingi walikula ugali wa uwele kwa mlenda, na ng'ombe alichinjwa kwa sababu maalumu. Wa kila siku buchani huyu ndiye mgeni.

Sasa kikundi chenu. Umeeleza kwamba mlianza kwa kuwaambia watu waache nyama. Hapo ndipo mlipopotea. Mtu anayekula nyama mara mbili kwa mwezi akiambiwa aache, anasikia masimango. Anzeni na yale ambayo kila mtu tayari anakubali moyoni kuwa si sawa. Dini zote mbili ziko upande wenu. Muislamu anajua amri ya kukinoa kisu vizuri na kutomnolea mnyama mbele ya macho yake. Mkristo anajua Mithali 12:10, kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Sheria pia ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008. Ila msiitangulize sheria, mtaitwa wapelelezi. Itangulizeni hesabu.

Singida mnauza kuku wa kienyeji mpaka Dar, takribani kilomita 700. Angalieni wanavyotoka mnadani: wamefungwa miguu, wananing'inia kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Kuku hana kiwambo kati ya tumbo na kifua kama sisi, kwa hiyo akigeuzwa, maini na utumbo vinalalia mifuko yake ya hewa na kila pumzi inakuwa kazi. Nyonga inateguka, paja linavilia damu. Mfanyabiashara akifika Dar na kuku wanne wamekufa tengani na sita hawasimami, faida ya safari imebaki barabarani. Kwa hiyo mwambieni hivi: kuku ashikwe kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa mwilini, kichwa juu. Tenga liwe na nafasi ya wote kukaa kwa wakati mmoja bila kulaliana, na kimo cha kuku kuinua shingo. Wanywe maji kabla ya kupakiwa. Safari iwe usiku au alfajiri, na tenga la chini lisizibwe na mizigo. Hiyo lugha anaielewa kuliko neno "haki za wanyama", na kuku ananufaika vilevile.

Tena mateso makubwa ya kuku wa kijijini si kisu, ni ugonjwa wa mdondo (kideri). Kikundi kikiandaa siku ya chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kuku wote wa kitongoji pamoja na vifaranga siku hiyo hiyo, hakuna atakayewacheka. Chanjeni kabla ugonjwa haujaingia, maana kwa walioanza kuugua haitasaidia, na mchanjaji anayetoka banda lenye wagonjwa anaubeba ugonjwa kwa mikono na viatu kwenda la jirani. Chupa ikae kwenye ubaridi, isianikwe juani huku mnasubiri mwenyekiti wa kitongoji afungue kikao.

Punda ni mlango wa pili, na kwenu watu wana uchungu naye. Dodoma na Shinyanga palikuwa na machinjio yaliyowalenga kwa ajili ya ngozi za kwenda China. Wizi ukazidi, serikali ikapiga marufuku mwishoni mwa 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara hiyo bara zima. Mwenye punda aliyeponea wizi yuko tayari kusikiliza habari za vidonda.

Vidonda vingi vinatoka kwenye kamba ya nailoni na mkokoteni usio na mizani. Mzigo ukielemea mbele, mikono ya mkokoteni inamkandamiza mgongo, ukielemea nyuma, inamnyanyua tumboni na mkanda unamkata. Pimeni hivi: mkokoteni ukiwa umepakiwa, mtu mmoja ainue mikono ya mkokoteni kwa mkono wake mmoja. Akishindwa, mzigo urudishwe nyuma kidogo. Mikono ikijiinua yenyewe, usogezwe mbele. Mkanda wa kifuani uwe mpana kama kiganja, umefungwa kwa gunia la katani au blanketi kuukuu lililokunjwa, upite chini ya koo na juu ya kiungo cha bega. Ukipanda unamkaba, ukishuka unamsugua bega kila hatua. Punda wa kilo 150 asibebeshwe mgongoni zaidi ya kilo 50, na ndoo mbili za lita 20 zenye maji tayari ni 40. Kidonda kikishatokea, kuweka pamba juu yake na kuendelea na kazi ndiko kunakokichimba zaidi. Pamba ikae pembeni kuzunguka kidonda ili mkanda usikiguse kabisa, au punda apumzike mpaka ngozi ifunge. Kwato zipunguzwe kila wiki 6 hadi 8, na anayezipunguza awe mtu aliyeonyeshwa, maana akikata mpaka kwenye nyama punda hatatembea mwezi mzima na mwenye punda hatawaita tena.