Kabla hujaiamini skrini: kwa daktari anayeanza upasuaji wa uti wa mgongo

Ukiingia mara ya kwanza kwenye chumba cha upasuaji chenye nevigesheni, yaani mfumo wa kompyuta unaokuongoza mahali pa kupitisha chombo, macho yatakimbilia skrini. Utaona pingili zimechorwa vizuri na chombo kilicho mkononi mwako kikipenya mfupa. Nakuomba uzoee kwanza kuitazama fremu ya rejea.

Fremu hiyo yenye vitufe vinavyoakisi mwanga hubanwa kwenye mwiba wa pingili, yaani mfupa wake uliochomoza nyuma. Kamera ya infraredi huiona, hukiona na chombo chako, kisha kompyuta hukokotoa mahali kilipo na kukionyesha juu ya picha ya CT. Kwa hiyo unachokiona ni hesabu. Kiwiko cha msaidizi kikiigonga fremu, au koleo likilegea kwenye mfupa laini wa mzee, picha itabaki nzuri vilevile huku skrubu unayoiingiza kwenye pingili ikienda kombo. Usitegemee mashine ikuonye.

Na nafasi ya kwenda kombo haipo. Katikati ya kifua, pedikeli ya mtu mzima, yaani kishingo cha mfupa skrubu inakopita, inaweza kuwa na upana wa milimita 4 au 5 tu. Upande wa ndani kuna ugwe mgongo, na mbele ya pingili kuna aota, mshipa mkuu wa damu. Kipimo cha Gertzbein na Robbins cha mwaka 1990, ambacho utakutana nacho sana, huhesabu kwa milimita mbilimbili: skrubu iliyotoboa nje kwa chini ya milimita 2 ni daraja B, 2 hadi 4 ni C.

Ndiyo maana kabla ya kila skrubu mimi hugusa mfupa ninaoufahamu kwa kielekezi, kwenye pingili ileile ninayoifanyia kazi, maana usahihi hupungua kadiri unavyokwenda mbali na fremu. Usiguse ncha ya mwiba tu. Gusa na ubavu wake, kwa sababu kosa la kuelekea kulia au kushoto hujificha ukigusa juu. Tazama mkono kwanza, skrini baadaye. Kielekezi kikionekana kinaelea hewani au kimezama ndani ya mfupa, simama, usajili (kulinganisha picha na mwili wa mgonjwa) urudiwe, hata kama kila mtu amechoka.

Picha ya CT iliyopigwa mgonjwa akiwa chali inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu akilazwa kifudifudi pingili hubadilisha mkao. Hapo sajili kila pingili peke yake. Ukipiga picha mezani, mwombe mtaalamu wa usingizi asimamishe pumzi kwa muda huo. Vitufe vikipata damu, vifutwe mara moja.

Skrubu zikishaingia zote, usiwe na haraka ya kuiondoa fremu. Piga picha ya mwisho ikiwa bado imebanwa, ili ukikuta skrubu inayopaswa kurekebishwa uirekebishe palepale.