Komiti 14 kwa Kazi Moja

SWALI: Mhariri, mimi na mwenzangu tunasimamia programu huria ya kuweka hesabu za vyama vya akiba, na tunatumia Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya programu. Juzi mchangiaji alituletea tawi (nakala ya kazi iliyo pembeni) la kusahihisha riba ya mikopo likiwa na komiti 14, yaani mabadiliko 14 yaliyohifadhiwa kila moja na ujumbe wake, nyingine zimeandikwa "jaribu tena" na moja "nimesahau koma". Mwenzangu anashikilia kwamba historia haiguswi. Mimi naona aibu kuziingiza hivyo kwenye tawi kuu. Ni nani aliye sahihi?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako hakukosea kuhusu tawi kuu, ambalo watu wameshalichukua na kujenga juu yake; lakini tawi ambalo halijaunganishwa bado ni rasimu, na rasimu hupigwa pasi. Mwombe mchangiaji mwenyewe atumie amri ya git rebase -i main, inayopanga upya komiti zake juu ya tawi kuu (main). Orodha ya komiti zake itafunguka, naye abadilishe neno pick liwe fixup kwenye ile ya koma, nayo itamezwa na komiti iliyoitangulia huku ujumbe wake ukitupwa. Akimaliza, asukume (apeleke tawi kwenye hazina ya pamoja) kwa --force-with-lease, wala si --force tupu, ambayo hufuta bila kuuliza kazi ya mwingine aliyesukuma kwenye tawi hilohilo.

Hata hivyo, usikimbilie kuzifanya zote 14 kuwa moja. Ikiwa alipanga upya mafaili ya mikopo kisha akasahihisha kanuni ya riba, hayo ni mambo mawili, yawe komiti mbili, kila moja ikipita majaribio peke yake. Faida utaiona siku hesabu zitakapokataa kulingana: amri ya git bisect husaka komiti iliyoleta kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu, hivyo komiti 1,000 huhitaji majaribio takriban 10 tu, lakini msako ukiishia kwenye bonge la mistari 2,000, utakuwa umeijua nyumba bila kujua chumba.

Liko jingine, ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulikosea. Ukiunganisha kwa git merge --squash, inayobana komiti zote za tawi kuwa moja, kwenye kompyuta yako kisha ukaandika komiti, jina linaloingia kama mwandishi ni lako. Kijana anayezunguka Nairobi akitafuta kazi kwa kuonyesha michango yake atakuwa amenyang'anywa jasho lake, hata kama hukukusudia. Unapoandika komiti hiyo kwa git commit, ongeza --author pamoja na jina na baruapepe yake kabla hujasukuma, kwa sababu baada ya hapo utakuwa unagusa tawi kuu, na mwenzako atakuwa na haki ya kukukemea.