Alumini, leza na unga wa nikeli: maswali yenu

Kuchanganya metali kwenye uso wa alumini kwa leza na kuupaka metali, si kitu kimoja?

Hapana. Ukichanganya, leza huyeyusha ngozi ya alumini yenyewe, na unga wa nikeli au silikoni huzama humo hadi pawe na aloi mpya. Ukipaka, unga huyeyuka juu, na alumini ya chini huyeyuka kidogo tu, kiasi cha kushikana.

Leza yangu inakata chuma vizuri, lakini kwa alumini haifui dafu. Imeharibika?

Nzima hiyo. Alumini safi hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa leza ya kaboni dioksidi, na joto kidogo linaloingia hukimbilia pembeni. Piga uso msasa, au tandaza unga mapema, kwani unga hunyonya mwanga. Ila alumini ikishaanza kuyeyuka hunyonya zaidi, ghafla. Usiposhusha nguvu unachimba shimo. Na miwani ya leza usiivue: mwanga unaorudi hauchagui jicho.

Niliongeza nikeli ili tabaka liwe gumu, likatoka na nyufa. Kwa nini?

Umelipata gumu kupita kiasi. Nikeli ikikutana na alumini huzaa Al₃Ni, kitu kigumu sana lakini kinachovunjika kama kigae. Chembe zake chache, zikiwa zimetawanyika ndani ya alumini laini, ni nzuri: hubeba msuguano, na alumini inazishikilia. Zikishikana mkono pande zote, ufa ukianza hauna wa kuuzuia, na tabaka likipoa linajikunja na kujipasua lenyewe. Mimi ningepunguza unga kabla ya kugusa kitufe chochote cha mashine. Kisha ningepasha kipande moto kwanza, taratibu, maana alumini iliyokomazwa kwa joto hulegea ukizidisha. Silikoni ni mpole zaidi. Haiungani na alumini kuzaa vigae vya namna hiyo.

Na vitundu vidogo ndani?

Hidrojeni. Alumini ya majimaji huibeba kwa wingi, ikiganda inaitema, na kwa leza inaganda kabla gesi haijatoka. Kausha unga, futa mafuta, funika kwa gesi ya agoni.

Tabaka la nikeli litazuia kutu?

Likiwa zima, ndiyo. Likiwa na ufa mmoja na maji ya chumvi yakaingia, alumini ndiyo italiwa, kwa kasi kuliko ingekuwa tupu.