Ukuta ufunguliwe, hodi ibaki

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mkisafiri na marafiki, ni bora mlale chumba kimoja, vyumba jirani, au kila mtu kivyake?" Jibu langu ni vyumba jirani. Kwa wanaosafiri kwa meli nina nyongeza: ombeni kiambaza cha roshani kifunguliwe, ili roshani zenu mbili ziwe moja. Nimefanya hivyo katika safari ya siku saba, na nikijaliwa kupanda meli tena na watu wangu, hilo ndilo jambo la kwanza nitakalouliza.

Tulikuwa wanne. Mimi na mume wangu tunaishi Maskati. Shoga yangu wa tangu chuoni kwa mwalimu, tulikosomea juzuu pamoja, anaishi Mombasa, naye alikuja na mama yake, bibi wa miaka 76 ambaye magoti yanamtesa. Sisi wanawake watatu ni watu wa Lamu. Tulipandia Dubai mwezi wa Januari, tukapita mlango wa bahari wa Hormuz hadi Maskati, kisha tukarudi kwa njia ya bandari ya Khasab. Mimi na mume wangu tulikuwa chumba kimoja, shoga yangu na mama yake chumba cha pili.

Kwa ambaye hajapanda meli hizi: vyumba vya ubavuni vina roshani ndogo ya kutazamia bahari. Yetu ilikuwa kama hatua tatu kwa mbili, viti viwili na kimeza. Roshani na roshani hutenganishwa na kiambaza kirefu, na kwenye meli nyingi baadhi ya viambaza hivyo vina bawaba. Ni milango isiyo na kitasa. Mwenye ufunguo ni mhudumu wa vyumba.

Kazi kubwa iko kabla ya safari, na hapo ndipo watu wengi hukosa. Wakala aliyetukatia tiketi alituletea vyumba vyenye namba zinazofuatana, akiamini ametuweka ubavu kwa ubavu. Mume wangu alipofungua ramani ya meli akaona kimoja kiko kushoto na kingine kulia, katikati kuna korido mbili na safu za vyumba vya ndani. Kwenye meli nyingi namba shufwa huwa ubavu mmoja na witiri ubavu wa pili, kwa hiyo jirani wa 10114 ni 10116, wala si 10115. Tukabadilisha. Hata hivyo ujirani peke yake hautoshi, kwa sababu viambaza vingine vimeungwa na mwili wa meli na havisogei kabisa. Mara nyingi hupishana: hiki kinafunguka, kinachofuata hakifunguki. Iulizeni kampuni kwa namba za vyumba, kabla ya kulipa: kiambaza kati ya hiki na hiki kinafunguka? Jibu lije kwa maandishi. Na ile tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayowachagulia chumba iacheni, maana mmoja anaweza kupewa omo, mbele ya meli, na mwenzake tezi, nyuma kabisa. Pia msichanganye jambo hili na vyumba vyenye mlango wa ndani wa kuunganisha. Hivyo ni vingine, na vinawafaa zaidi wenye watoto wadogo.

Siku ya kupanda, mizigo ilipopita kwenye mashine, begi la mama wa shoga yangu lilisimamishwa. Ndani mlikuwa na chetezo cha udongo, udi wake, na paketi ya makaa yale ya kuwaka upesi. Mama hajawahi kulala nyumba ya ugenini bila kufukiza. Mfanyakazi kwa upole akavitia vyote katika mfuko, akaubandika namba, akamwambia atarudishiwa safari ikiisha. Mama hakusema neno, lakini nilimwona anavyoufuata ule mfuko kwa macho hadi ulipowekwa rafuni.

Mume wangu amefanya kazi ya uzimamoto bandarini miaka mingi. Tulipokaa akamweleza mama kwa nini. Tarehe 23 Machi 2006, kama saa tisa ya usiku, meli iliyoitwa Star Princess ilikuwa njiani kwenda Montego Bay, Jamaika. Moto ulianza kwenye roshani moja, na wachunguzi wa Uingereza walisema huenda ulitokana na sigara ambayo haikuzimwa sawasawa. Viambaza vya roshani za meli ile vilikuwa vya plastiki ngumu, sakafu ilitandikwa vigae vya plastiki, na viti navyo ni plastiki. Moto haukuhitaji kupita ndani ya meli. Ulipita nje, roshani kwa roshani, kwenda pembeni na kwenda juu, na upepo wa bahari ukiupeleka. Abiria mmoja alikufa kwa moshi. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zikabadilishwa: kuanzia tarehe 1 Julai 2008, viambaza vya roshani kwenye meli mpya vinatakiwa viwe vya kitu kisichoungua. Ndiyo maana cha kwetu kilikuwa cha chuma, na ni kwa hofu hiyo hiyo ya moto mshumaa, udi na makaa havipandi melini. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi nawakae nayo."

Nimelileta hili kwa sababu wapo wanaokiona kiambaza kama kizuizi cha maringo tu, kinachoweza kufunguliwa kwa sarafu au kisu cha matunda. Msikiguse. Mwiteni mwenye ufunguo. Na wavutaji sigara waende mahali walipotengewa, hata kama roshani ni yenu nyote.

Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Kiindonesia. Aliniuliza mimi, kisha akazunguka kwa korido akamwuliza na shoga yangu mlangoni kwake, maana hafungui kwa neno la upande mmoja. Halafu akatoa mfukoni ufunguo mfupi wa chuma, hauna meno, una tundu la pembe tatu. Akazungusha komeo la juu, akainama akazungusha la chini, akavuta. Kiambaza kikalia kama mlango wa ghala la zamani. Akakigeuza mpaka kikalala kwenye ukuta wa chumba, akakifunga kwa kulabu, akakitikisa mara mbili kuhakikisha. Sakafuni kiliposimama pakabaki ukanda wa chuma, upana wa vidole viwili, unang'aa.

Mama akatoka chumbani kwake akishika ukuta. Akatazama upande wake, akatazama upande wetu, akasema, "Hili wikio hili."

Kwa wasio watu wa Lamu, wikio ni chumba au daraja lililojengwa juu ya njia, ghorofani, kuziunganisha nyumba mbili. Jamaa walijenga hivyo ili mwanamke aweze kwenda kwa dada yake au shangazi yake bila kushuka njiani. Unguja nako, Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, iliunganishwa na majumba ya jirani kwa njia za juu za namna hiyo. Mama alikua kwenye nyumba yenye wikio. Mimi nililiona likiwa limeshazibwa. Lakini aliposema neno lile nilifahamu mara moja tulichokipata.

Maana kutoka mlango wetu hadi mlango wao kwa korido ni hatua tano. Hatua hizo tano zinataka buibui, ushungi, viatu, kadi ya mlango, na kwa mama zinataka na mkono wa kushikia. Kwa roshani alikuja na kanga zake mbili. Alfajiri alikaa pembeni yangu na tasbihi, miguu juu ya kiti cha pili, na shoga yangu akimkanda magoti kwa mafuta ya karafuu. Tulizungumza mambo ambayo kwa simu huwa hatuyafikii, kwa sababu simu inataka uwe na la kusema. Pale tuliweza kukaa nusu saa kimya, kisha mmoja akaanza. Nadhani ndicho ninachokitafuta nikisafiri na watu ninaowapenda, na chumba kimoja hakinipi, wala meza ya mkahawa hainipi.

Ila asubuhi ya pili tulikosea. Mume wangu alitoka na kikombe chake cha chai, kama alivyozoea, akamkuta shoga yangu kichwa wazi anakausha nywele. Akageuka papo hapo. Shoga yangu akaingia ndani, na hakuonekana tena mpaka adhuhuri. Hakuna aliyemfanyia mwenzake ubaya, lakini kwa saa chache roshani ile kubwa ikawa tupu na hakuna aliyeitaka.

Mchana tukakaa wote wanne tukapanga. Ule ukanda wa chuma wa sakafuni tukaufanya kizingiti. Anayetaka kuuvuka abishe hodi, hata kama mlango wa kioo uko wazi, hata kama anamwona mwenziwe amekaa, na asubiri karibu. Pazia likishushwa, hata hodi isibishwe. Kuanzia alfajiri hadi saa mbili roshani ni ya wanawake, na mume wangu atakunywa chai sitaha ya juu. Kuanzia alasiri ni ya wote, na kila mtu avae akijua kuna mwenziwe. Mambo ya kawaida kabisa, ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini ukuta ulipoondoka tulidhani na hodi imeondoka pamoja nao.

Mume wangu aliniambia baadaye, tukiwa peke yetu: "Nimelipia roshani hii, na saa ninayoipenda ndiyo nimeambiwa nitoke." Alikuwa na haki. Nilipanga yote na shoga yangu kwa miezi mitatu, yeye nikampa habari tu. Kwa hiyo anayetaka kufungua kiambaza na rafiki yake, amwulize kwanza anayelala naye chumba kimoja. Tukarekebisha: asubuhi mbili kati ya zilizobaki zikawa zake, na wanawake tukakaa ndani ya chumba cha shoga yangu.

Yapo na madogo. Roshani si chumbani: meli ikiwa gatini wa chini wanaona, na kwenye meli nyingine sitaha za juu zinachungulia. Funga mlango wa korido kabla ya kufungua wa kioo, maana upepo ukipata njia mlango hubamiza kwa nguvu ya kuvunja vidole. Usianike kitu kwenye kingo; kanga moja ya shoga yangu ilikwenda na bahari mbele ya macho yetu. Ukitoka, funga kioo chako kwa komeo, hata kama jirani ni ndugu. Mkichoshana, mwombeni mhudumu akifunge kwa siku moja na asihisi mtu kaonewa. Na mhudumu akumbukwe kwa chochote mkononi, kazi hii haimo katika hesabu yake ya vyumba.

Usiku ule wa pili shamali ilivuma. Mhudumu alikuja baada ya isha, akasema wameamriwa kufunga viambaza vyote na kuingiza viti. Akafunga. Nilishangaa jinsi nilivyousikia upweke, na watu wangu wako upande wa pili wa bamba la chuma. Meli iliyumba mpaka usiku wa manane, vikombe vikitembea mezani. Nilikuwa macho kabla ya alfajiri niliposikia mlio: mara tatu, taratibu, kwenye chuma. Mama alikuwa anagonga kiambaza kwa pete yake, kutuamsha kwa sala, kama alivyotugongea ukuta wa nyumba yao mtaa wa Mkomani, Lamu, tulipokuwa wasichana. Nikatoka, nikajibu kwa kifundo cha kidole, mara tatu.

Kulipopambazuka bahari ilikuwa imetulia na milima ya Maskati iko mbele yetu, myeusi kwanza, kisha ya rangi ya kahawia. Ni mji wangu wa miaka ishirini, na sikuwahi kuuingia kwa bahari, njia waliyoijia babu zangu na waliyoondokea wengine kwa kaskazi ya Januari kama hii. Meli ikafunga bandari ya Mutrah. Mhudumu akaja na ufunguo wake wa pembe tatu, akageuza kiambaza, akakitia kulabu.

Ilikuwa asubuhi ya mume wangu, naye alikuwa amekaa na chai yake. Mama akaja hadi kwenye ule ukanda wa chuma, akasimama hapo, ushungi umefungwa vizuri, mkono ukutani. Ni mkubwa wetu sote na hakuna ambaye angemzuia.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mama," mume wangu akainuka, akamsogezea kiti. Kisha akamwonyesha kwa kidole juu ya mlima wa Riyam, pale penye lile jengo jeupe lenye umbo la chetezo, kubwa hata kutoka baharini linaonekana. Mama akalitazama muda mrefu, halafu akaomba chai.