Keria ya baiskeli nyuma ya gari: kagua kwanza chuma kitakachoibeba

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2008 iliyoagizwa kutoka Japani, ile yenye tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Miaka mitatu iliyopita fundi wa kuchomelea wa hapa Arusha alinitengenezea chuma cha kuvutia tela, na tangu hapo nimekuwa nikivuta tela dogo la majani ya ng'ombe bila tatizo lolote. Sasa shemeji yangu anayeishi Ujerumani anakuja likizo na amejitolea kuniletea keria ya baiskeli, ile inayobana juu ya chuma hicho, naye anauliza kama alete ya baiskeli mbili au tatu. Nyumbani zipo tatu: yangu ya milimani yenye fremu ya kaboni, kilo 13, ya mke wangu, ya chuma, isiyo na bomba la juu, kilo 17, na ya kijana wetu, kilo 14. Tunapenda kwenda kuendesha Lushoto. Nichague ipi? Na je, plagi yake ya pini 13 itakubali kwenye soketi yangu ya pini 7?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Swali la mbili au tatu nitalijibu, ila kuna jingine linalopaswa kulitangulia, nalo ni kama chuma ulichonacho kinafaa kubeba keria ya aina yoyote. Keria za Ulaya hutengenezwa kwa kudhani kwamba gari lina chuma kilichopimwa kiwandani, chenye kibao kinachotaja uzito wa wima unaoruhusiwa juu ya tufe, yaani kile kichwa cha mviringo ambacho tela hukalia. Kwa magari mengi madogo uzito huo huwa kati ya kilo 50 na 100, na kilo 75 ni kipimo utakachokikuta mara nyingi. Chuma kilichochomelewa mtaani hakina kibao hicho, kwa hiyo hakuna aliyekuahidi chochote.

Utaniambia kwamba kimevuta tela kwa miaka mitatu. Nakubali, lakini tela na keria hazifanyi kazi moja. Kichwa cha tela huzunguka kwa uhuru juu ya tufe, hivyo tela linapoinama au kuinuka kwenye tuta, tufe hupokea msukumo wa chini na mvuto wa nyuma tu. Keria haina gurudumu lake na haizunguki. Imelibana tufe kama koleo, na uzito wake wote uko nyuma ya tufe, ukijaribu kila wakati kuipinda shingo, yaani kile chuma kinacholishika tufe, kuelekea ardhini. Chuma kinachovuta tani moja bila kulalamika kinaweza kupinda kwa baiskeli mbili.

Tuchukue hesabu yako. Keria ya baiskeli mbili ina uzito wa takriban kilo 17. Ukiongeza baiskeli yako na ya mama unapata kilo 47, na kitovu cha uzito huo kitakaa kama sentimita 35 nyuma ya tufe. Nguvu ya kupinda hapo ni karibu nyutoni-mita 161, sawa na mtu kuning'iniza kilo 16 na nusu kwenye ncha ya bomba la mita moja. Sasa weka keria ya baiskeli tatu, yenye kilo 20 hivi, pamoja na baiskeli zote tatu: jumla ni kilo 64, na kwa kuwa baiskeli ya tatu hukaa nyuma kabisa, kitovu cha uzito kinasogea hadi sentimita 42 hivi. Nguvu ya kupinda inakuwa karibu nyutoni-mita 264. Uzito umeongezeka kwa asilimia 36, lakini kazi ya shingo imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, na hiyo ni gari likiwa limesimama. Likiruka tuta, namba hizo huongezeka maradufu au zaidi; mimi ninapochora chuma cha namna hii huhesabu mara tatu, na sijawahi kujuta.

Kwa sababu hiyo jibu langu ni keria ya baiskeli mbili. Ya kijana ing'olewe gurudumu la mbele na kulazwa ndani, upande mmoja wa kiti cha nyuma ukiwa umekunjwa.

Ingia sasa uvunguni mwa gari ukiwa na tochi. RAV4 haina chasisi ya ngazi kama Land Cruiser Prado. Bodi na sakafu yake ni kitu kimoja, na sehemu pekee za nyuma zinazoweza kubeba mzigo wa aina hii ni zile mbavu mbili za chuma zenye umbo la boksi zinazopita chini ya buti, kushoto na kulia. Chuma chako kinapaswa kushikwa na mbavu zote mbili, kila upande kwa bolti zisizopungua mbili, na zikiwa tatu ni bora zaidi. Ukikuta kimefungwa kwenye bati la sakafu, au kwenye ule mwamba mwembamba ulio nyuma ya bampa, habari ya keria imeishia hapo mpaka kitengenezwe kingine. Tazama pia vichwa vya bolti. Ziandikwe 8.8, ambalo ni daraja la nguvu ya bolti, au zaidi, kwa sababu bolti isiyo na maandishi yoyote ni ya kufungia mabati. Mahali bolti inapopita katikati ya boksi, fundi mzoefu huweka kipande cha bomba ndani yake ili ukikaza nati kuta za boksi zisibonyee. Wengi huruka hatua hiyo, na matokeo yake ni nati ambazo hulegea kila baada ya safari ndefu na mwenye gari hudhani tatizo ni nati.

Baada ya hapo angalia mahali shingo inapoungana na mwamba wa kulia-kushoto. Huo ndio mshono utakaoteseka kuliko yote. Unapaswa kuzunguka shingo yote, uwe mnene na wenye mawimbi yanayofanana, na pembeni pawe na vibati vya pembetatu vya kuimarisha. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba kando ya mshono ni dalili ya ufa, hata kama chuma chenyewe kinaonekana kizima. Kwangua rangi hiyo kwa brashi ya waya uone kilicho chini yake.

Tufe nalo lina mambo yake. Keria ya Ulaya hubana tufe la milimita 50. Yale ya vipimo vya Kimarekani ni ya inchi 2, yaani milimita 50.8, au ya inchi 1⅞, ambayo ni kama milimita 47.6. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, lakini koleo la keria hutofautisha: kwenye tufe kubwa halitafunga mpaka mwisho, na kwenye dogo litafunga bila kushika. Pima kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili, pande mbalimbali, kwa kuwa tufe lililovuta tela kwa muda mrefu bila grisi huliwa upande mmoja. Likishuka chini ya milimita 49 lina haki ya kustaafu. Tena, grisi inayofaa tela ni adui wa keria: keria hushika kwa msuguano, na tufe lenye grisi litaiacha ilale upande mmoja kwenye kona ya kwanza. Lifute kwa kitambaa chenye petroli mpaka lisiache alama kwenye kidole.

Kama tufe lako ni lile lenye mguu wa nyuzi uliopitishwa kwenye tundu la bapa, yaani kipande cha chuma kilicho bapa, na kukazwa kwa nati moja chini, nakuomba ulibadilishe kabla ya mengine yote. Keria inapotikisika kulia na kushoto, hulizungusha tufe hilo kidogo kidogo na kuilegeza nati ambayo huwezi kuiona ukiwa barabarani. Lile linalofungwa kwa bolti mbili za milimita 16, zenye matundu yaliyoachana milimita 90, haliwezi kuzunguka, ingawa ni lazima shemeji asome kwenye kijitabu cha keria kama koleo lake linakubali tufe lililofungwa kwenye bapa au linataka shingo iliyopinda peke yake. Keria nyingi hutegemea pia shingo iliyo chini ya tufe, na bapa huzizuia.

Tairi la akiba ndilo linalowashangaza wengi baada ya kununua. Keria hudhani kwamba nyuma ya bampa hakuna kitu, ilhali kwako tairi limetokeza na vyuma vya wima vya keria vinaweza kuligonga. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka sehemu ya tairi iliyotokeza kuliko zote, kisha pima kwa mlalo kutoka kwenye kamba hiyo mpaka katikati ya tufe, umpelekee shemeji kipimo hicho alinganishe na mchoro wa keria anayotaka kuinunua. Ikiwa nafasi haitoshi, usikubali fundi aunganishe kipande kwenye shingo iliyopo. Kila sentimita 15 za kurefusha huongeza nyutoni-mita 69 hivi kwenye ule mshono niliousema, tena kwa baiskeli mbili tu. Aidha utengeneze chuma kipya kilichokusudiwa urefu huo, aidha tairi lihamishwe ndani ya buti. Kumbuka pia kwamba mlango wa nyuma wa gari hili una bawaba upande wa kulia na hufunguka kama mlango wa chumba. Keria nyingi zinasifiwa kwa kuinama ili kupisha mlango unaoinuka juu. Kwako sifa hiyo itasaidia kidogo tu, kwa sababu mlango unafagia nafasi kubwa nyuma ya gari. Pakia mizigo yote kabla ya kupandisha baiskeli.

Kuhusu aina, chagua keria ya kukalia, yaani yenye reli ambazo magurudumu husimama ndani yake, wala si ile ya kuning'iniza fremu kwenye mikono miwili. Baiskeli ya mama haina bomba la juu la kuning'inizia, na fremu yako ya kaboni haipaswi kubebwa kwa kubanwa, kwa kuwa kaboni huvumilia vizuri nguvu za kuendesha lakini huweza kupasuka ndani ikiminywa mahali pamoja. Hata kwenye keria ya kukalia kuna mkono unaobana fremu. Kwa baiskeli yako mkono huo ubane nguzo ya kiti, iwapo ni ya alumini, au itafutwe keria ambayo mkono wake hushika gurudumu badala ya fremu.

Plagi ni jambo dogo. Pini ya 1 hadi ya 7 kwenye plagi ya pini 13 hufanya kazi zilezile za soketi yako, ya 8 ni ya taa ya rivasi, na nyingi kati ya zilizobaki ni za umeme na waya za ardhi. Shemeji anunue kiunganishi cha kubadilisha 13 kuwa 7, na utakachopoteza ni taa ya rivasi ya keria. Ila mwambie fundi wako wa umeme jambo moja ambalo limeunguza fyuzi nyingi: katika waya za tela za Ulaya, ardhi ni waya mweupe, na mweusi ni taa ndogo ya nyuma ya kushoto. Fundi aliyezoea kuufunga mweusi kwenye bodi ya gari ataiona fyuzi ikikatika mara tu utakapowasha taa. Njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni indiketa ya kulia, nyekundu ni breki, kahawia ni taa ndogo ya kulia, na bluu ni taa ya ukungu, ambayo unaweza kuiacha.

Baiskeli zitafunika namba ya gari, na trafiki ana haki ya kukusimamisha kwa hilo. Keria ina mahali pa kufungia kibao; usichongeshe cha ziada mitaani, bali ulizia TRA, ambao ndio wanaosajili magari, utaratibu wa kupata kinachokubalika.

Keria ikifika, ijaribu kabla ya safari. Ifunge bila baiskeli, pima kwa rula nafasi kati ya ncha ya juu ya tufe na ukingo wa bampa, kisha laza mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya reli, ikiwa kijitabu cha keria kinaruhusu uzito huo. Tikisa gari juu na chini kwa dakika chache, uutoe mfuko na kupima tena. Kipimo kikiwa kimebadilika hata kwa milimita mbili, shingo imepinda na haitarudi.

Njiani, simama baada ya kilomita 20 au 30 ukaze koleo na mikanda upya. Matuta ya barabara ya Moshi hadi Mombo yapande polepole, si kwa ajili ya baiskeli tu, bali kwa sababu gari lako sasa limerefuka kwa zaidi ya nusu mita nyuma ya magurudumu na reli inaweza kugusa lami wakati wa kushuka tuta. Usizifunike baiskeli kwa turubai kuzikinga na vumbi, maana turubai hugeuka tanga. Angalia pia kwamba hakuna tairi la baiskeli lililo mbele ya mdomo wa ekzosi. Na ukifika mahali ambapo lami inaisha, zishushe baiskeli; watengenezaji wengi huandika wazi kwamba keria zao si za njia mbovu, na kwa kuwa mmekwenda Lushoto kuendesha, hapo ndipo pa kuanzia.